Mistari Tisa Isiyolingana

Mong'ina ni neno letu la heshima kwa mwanamke aliyekomaa, na kwa miaka mingi hapa mjini Kisii kuna mmoja ambaye ukisema Mong'ina tu, bila kuongeza kitu, watu wanajua unamsema yeye. Alikuwa muuguzi. Alipostaafu akafungua kibanda cha mitumba ya watoto pale soko la Daraja Mbili, na juu ya meza, kando ya rundo la sweta, akaweka daftari lake la damu.

Daftari hilo alilianza angali wodini. Alikuwa amechoka, aliniambia, kuona jamaa za wagonjwa wakikimbia kwenye korido wakimsimamisha kila mpita njia na kumuuliza damu yake ni ya kundi gani. Basi akaanza kuwaandika watu waliokubali kuitwa ikihitajika. Kila mtu mstari mmoja: kundi la damu, kwao ni wapi, ameolewa wapi au anaishi wapi, na nambari ya simu. Aliyekuja kununua fulana ya mtoto aliondoka ameandikwa. Kulikuwa na walimu, mafundi wa baiskeli, wauza ndizi, na mzee mmoja Mhindi mwenye duka la vyombo aliyekuwa akija kuuliza, mbona mwaka huu hajaitwa.

Mimi ni mwandishi wa programu za kompyuta. Ninafanya kazi kwenye chumba cha kupanga hapa mjini, kwa ajili ya watu walio mbali ambao sijawahi kuwaona uso kwa uso. Siku nilipomwona Mong'ina akilowesha kidole na kufunua kurasa moja baada ya nyingine huku mtu akimsubiri kwenye simu, nilimwambia nitamtengenezea kitu. Sikumtoza hata shilingi, na nilijisifu kimoyomoyo kwa hilo. Nikakaa wikendi tatu nikinakili daftari lote, mstari kwa mstari, jinsi alivyouandika.

Kitu chenyewe kilikuwa rahisi mno. Kisanduku kimoja cha kuandikia, na chini yake majibu. Ukiandika "Marani", kompyuta inapita kila mstari na kuuliza swali moja tu: je, kipande hiki cha maandishi kimo humu? Kikiwamo, mwanzoni au mwishoni au katikati, mstari unaonyeshwa. Haielewi kitu. Haijui Marani ni mahali. Inatafuta tu herufi zilizofuatana namna ile. Huo ndio utafutaji wa kipande, na mwanafunzi wa wiki ya kwanza anaweza kuuandika.

Ulifanya kazi vizuri mpaka siku Mong'ina alipohitaji mtu wa B chanya. Akaandika "B chanya", akapiga simu kwa wote waliotokea. Mmoja wao alikuwa mwanamume mwenye kitalu cha miche ya chai kule Nyamira, akaacha kazi, akakodi bodaboda, akafika hospitali akitiririka jasho. Akapimwa. Damu yake ni AB chanya, na mgonjwa wa B hawezi kupewa damu ya AB. Daftarini alikuwa ameandikwa sawasawa kabisa. Ni kompyuta yangu iliyoona "B chanya" ndani ya "AB chanya" ikaridhika.

"Hata mimi nilishangaa," yule bwana aliniambia, akijipangusa paji la uso. "Lakini simu ni simu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mong'ina hakunigombeza, alimnunulia soda, akampa nauli ya kurudi, akaniambia, "Hiyo ni kitu kidogo, msichana wangu." Lakini mimi nina kasoro moja ambayo dada yangu mkubwa ameitaja tangu nikiwa mdogo: nikikosea kidogo, hasira yangu haitulii mpaka nivunje nyumba nzima niijenge upya. Kurekebisha lile kosa moja ilikuwa kazi ya dakika mbili. Mimi nikachukua juma zima.

Nikahamia kwenye ruwaza. Hapa huiulizi kompyuta kama kipande fulani kimo. Unaichorea umbo la mstari wote: mstari uanze na kundi la damu, herufi hizi na si nyingine, kisha "chanya" au "hasi", kisha "kwao" na jina la mahali, kisha kama ni mwanamke mwenye mume "ameolewa" na jina la mahali, kisha nambari ya simu, basi. Mstari unaolingana na umbo unakatwa vipande vyake na kila kipande kinakwenda kwenye safu yake. Ni kazi ya kupendeza, siwezi kusema uongo. Ukiipata sawa unajisikia umewapanga watu foleni na kila mmoja amesimama anapotakiwa. AB haikuchanganyika tena na B. Ungeweza kuuliza walioolewa Nyamarambe tu, au waliozaliwa Marani tu. Kichwa kikavimba.

Nilipoiendesha mara ya kwanza, chini kabisa ya skrini ilitokea sentensi moja: mistari tisa haikulingana. Niliiona. Nikasema hiyo ni takataka ya kunakili, koma iliyopotea hapa, simu iliyokosa tarakimu pale, nitaiangalia siku moja. Kisha nikaondoa hata ile sentensi, kwa sababu ilikuwa inaharibu sura ya ukurasa.

Miezi kadhaa ikapita, na daftari lilifungwa likawekwa chini ya meza. Mong'ina alisifu kompyuta kwa kila mteja.

Dada yangu huyo niliyemtaja ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa akienda kuchuma chai. Ndiye aliyenishikisha kalamu. Nilipopata kazi yangu ya kwanza, ya kukaa kimya mbele ya mashine siku nzima, ndiye peke yake nyumbani ambaye hakuniuliza hiyo ni kazi gani. Alikuwa amengojea mtoto kwa miaka tisa ya ndoa. Mtoto alizaliwa hospitali hapa mjini, asubuhi moja ya siku ya soko, msichana, mzima, mwenye sauti. Nikampigia mama simu, nikacheka naye. Nilipokata simu nikaona wauguzi wawili wakiingia kwa dada kwa haraka, na mlango ukafungwa.

Alikuwa akivuja damu na haikomi. Daktari, mwanamke mdogo kuliko mimi, alitoka akanieleza bila kuzungukazunguka, na ninamshukuru kwa hilo mpaka leo. Kundi lake ni B hasi, ambalo kwetu ni adimu. Anaweza kupewa B hasi au O hasi, basi. Chupa moja ya O hasi iliyokuwapo imeshaanza kumwingia. Zinahitajika mbili zaidi, na zisipopatikana hadi alasiri, alisema, sitaki kukudanganya.

Nilimpigia Mong'ina, nikaketi kwenye benchi la korido, nikafungua kompyuta magotini. Nilikuwa mtulivu. Ninakumbuka utulivu ule kwa aibu. Nilikuwa nikijiambia: orodha ninayo, nimeitengeneza kwa mikono yangu, imepangwa vizuri kuliko orodha yoyote katika kaunti zetu mbili, Kisii na Nyamira. Nikaandika B hasi.

Ikanipa mistari miwili. Wa kwanza nilimpigia, akaniambia kwa sauti ya huruma kwamba ana mimba ya miezi saba. Wa pili simu yake ilipokewa na mamake: yuko Qatar, anafanya kazi za nyumbani, huu ni mwaka wa pili.

Nikaangalia O hasi. Watatu. Wawili walikuwa wametoa damu majuzi tu na hawakuruhusiwa kutoa tena. Wa tatu simu haikupatikana. Nikaandika B hasi tena, kana kwamba kompyuta ingenionea huruma. Miwili.

Mong'ina akatokea mwisho wa korido akiwa bado amevaa aproni ya sokoni. Alikuwa amewaachia majirani kibanda. Aliketi kando yangu, akavuta pumzi, akauliza, "Umepata nani?"

Nikamweleza. Akatikisa kichwa.

"Apana. Iko mwingine."

"Hakuna mwingine, Mong'ina."

"Iko. Mimi niliandika yeye na mkono yangu."

Hapo hasira zikanipanda. Nilimwambia kompyuta haisahau, ni watu ndio husahau. Nilimwambia nimeshatafuta mara tatu. Nilisema kwa sauti ya juu, kwenye korido ya hospitali, kwa mwanamke wa umri wa mama yangu aliyeacha biashara yake siku ya soko kwa ajili ya dada yangu. Watu waligeuka. Yeye hakuinua sauti.

"Ile yako ya kwanza," alisema. "Ile ya makosa. Bado iko ama ulitupa?"

Sisi watu wa kazi hii hatutupi kitu. Programu ya kwanza ilikuwa bado imo kwenye folda moja, pamoja na mistari yote mizima jinsi nilivyoinakili. Daftari lenyewe lilikuwa kule sokoni, safari ya kwenda na kurudi. Nikaifungua programu ya zamani, nikaandika "B hasi", kipande tu, bila umbo wala mpangilio.

Mistari mitano. Mong'ina akainamia skrini na kuweka kidole juu ya wa kwanza. "Huyu ni AB, wacha yeye." Akaweka juu ya wa tatu. "AB, wacha." Ilimchukua muda wa kukohoa. Kosa lile lililoniondolea usingizi, ambalo nililijengea ruwaza ya juma zima, jicho lake lililiruka tu. Wawili walikuwa wale wa mimba na wa Qatar. Ukabaki wa mwisho:

"B hasi. Wa Nyamarambe. Alienda Marani, akarudi." Na nambari ya simu.

Nilielewa kabla sijamaliza kusoma. Ruwaza yangu ilimjua mwanamke wa namna mbili: aliye kwao, na aliyeolewa mahali fulani. Huyu alikuwa ameolewa Marani, ndoa ikamshinda, akarudi nyumbani kwao. Mong'ina aliandika ukweli huo kwa maneno matatu, bila kumlaumu mtu. Mimi sikumtengea nafasi. Kompyuta ilipofika kwake ikakuta halingani, ikampita, na ilipojaribu kuniambia, nikaizima.

Mong'ina alikuwa tayari kwenye simu. Alizungumza Ekegusii, lugha yetu, haraka, kisha akanipa nisikie mwenyewe. Sauti ya mwanamke ilisema, "Nimesikia. Niko shambani, wacha ninawe mikono nakuja."

Sijui nilivyozipitisha saa zile. Ninakumbuka Mong'ina akiendelea kumpigia yule wa tatu wa O hasi, kila baada ya dakika chache, bila kukata tamaa, mpaka simu ikapokewa. Alikuwa kinyozi wa Marani, umeme ulikuwa umepotea na simu ikamzimikia. Alifunga kibanda chake akaja. Ninakumbuka mtoto akiletwa nimshike kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kumshika, nami nikimwambia mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa. Ninakumbuka pia kwamba sikuomba dada apone tu. Niliomba asife kwa sababu yangu. Kulikuwa na tofauti, na niliijua.

Mwanamke wa Nyamarambe alifika kabla ya alasiri, mrefu, mwenye viatu vya gambuti vyenye udongo bado mbichi. Hakuuliza mengi. Akapimwa, akalala, akatoa. Kinyozi naye akatoa. Damu ikachukuliwa kupimwa kama inavyotakiwa, na daktari yule mdogo akasimama mwenyewe mlangoni pa maabara kuisubiri. Jioni ilipokaribia alikuja akaketi karibu nami, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku nzima, akaniambia dada ameongezewa damu na kuvuja kumekoma.

Nililia kama mtoto. Sioni haya.

Lakini kabla ya hapo, mwanamke yule alipokuwa akipumzika na soda yake na mandazi mawili, nilikaa naye nikamwambia ukweli wote. Ningeweza kunyamaza. Mong'ina hakuwa amemwambia kitu. Nilimweleza jinsi nilivyoipanga orodha, jinsi mstari wake ulivyokataa kupangika, na kwamba nilipoambiwa kuna watu wamebaki nje niliondoa ile habari. Nikamwomba msamaha.

Alitafuna kwanza akamaliza. "Mimi nimezoea," alisema. "Nikirudi kwetu, hata kanisani walinitoa kwa orodha ya akina mama. Wakasema mimi sasa sio wa akina mama na sio wa vijana, hawajui wataniweka wapi." Akacheka kidogo, kicheko cha kweli. "Huyu Mong'ina hakuniuliza mambo mingi. Aliandika tu."

Nilimshika mkono, naye hakuuondoa.

Juma lililofuata nilifungua ile mistari tisa. Hakukuwa na koma iliyopotea hata moja. Walikuwa wajane wawili waliohamia kwa watoto wao. Mwanamume mmoja aliyekwenda kuishi kwa wakwe. Mfanyabiashara wa familia ya Waislamu wa mjini, ambaye Mong'ina alipomuuliza kwao ni wapi alimjibu, na akaandikwa hivyo, "Hapa hapa mjini, hakuna kwingine." Msichana aliyelelewa na nyanya na hakutaka kutaja kijiji cha babake. Mzee wa ng'ombe asiyekaa mahali pamoja, "popote, piga tu". Na wengine kama wao. Tisa, na kila mmoja alikuwa amekubali kuitwa.

Siku hizi wenzangu wakiona programu ya Mong'ina huniuliza mbona inatafuta kizamani hivyo, kwa kipande, wakati kuna ruwaza. Huwaeleza kwamba ruwaza ninazitumia kila siku kwenye kazi inayonilipa, na ninazipenda. Kwenye orodha ndogo kama hii njia zote mbili ni za haraka sawa, kwa hiyo kasi haihusiki. Ninachojiuliza sasa kabla ya kuchagua ni kosa lipi ninaweza kuishi nalo. Utafutaji wa kipande hukosea kwa kuleta watu wasiohitajika. Ruwaza yangu ilikosea kwa kuwaacha waliohitajika, na kwa kuwa kimya. Mong'ina, ambaye hajui kompyuta inaanzia wapi, alilisema vizuri kuliko mimi siku nilipokwenda kumwomba radhi kwa kelele zangu za korido. Alikuwa akikunja suruali ndogo za mitumba, hakuacha.

"Yule wa ziada, nitamwambia pole na nitampa nauli," alisema. "Sasa yule hajaitwa, utamwambia nini?"

Basi programu inatafuta kipande, kwenye mistari mizima, na inaleta wote. Ruwaza ipo bado, lakini kazi yake ni kupanga majibu tu, AB kando na B, na hairuhusiwi kumwondoa mtu. Wale isiowaelewa inawaweka juu kabisa, wa kwanza kusomwa. Namshukuru Mong'ina kwa hilo, na kwa sauti ambayo hakuipandisha. Namshukuru kinyozi, na bwana wa miche ya chai ambaye nilikuja kumpelekea msamaha wa pili na akanipa miche kumi na mbili nipande kwetu.

Mtoto alipotimiza miezi minne, dada alisema anataka kwenda Nyamarambe. Tulimpelekea yule mwanamke jogoo, mkungu wa ndizi na kitenge. Alitupikia, akampakata mtoto. Baada ya chakula nilifungua kompyuta nikamwonyesha mstari wake, nikamwambia kama angependa uandikwe upya, aniambie mwenyewe maneno. Akausoma ule wa zamani, Nyamarambe na Marani na kurudi kwake.

"Hiyo ingine toa," alisema. "Andika hivi: B hasi. Niko. Nikiitwa nakuja."

Nikaandika. Dada yangu alikuwa ameegemea bega langu akitazama vidole vyangu. Yeye ameolewa, nyumba yake iko, mstari wake ungeingia kwenye ile ruwaza ya kwanza bila shida yoyote.

"Na mimi nifuatishe hapo chini yake," akasema. "Hivyo hivyo alivyosema."

Nikamkumbusha kwamba bado ananyonyesha, na kwamba aliyeongezewa damu hawezi kutoa ya kwake mpaka mwaka mzima upite.

"Andika tu," akasema. "Nitangoja."